Karatasi ya Majuto Hatuisaini

Mwaka mzima umekatika, mdogo wetu, tangu asubuhi ile ulipomwomba mkeo akusogezee kiti karibu na dirisha, ukakaa, ukatutazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua kazi kabla ya kuikabidhi, kisha ukaondoka bila kutuaga. Kitanda cha ugonjwa tumeshakirudisha hospitali. Kiti kipo palepale dirishani, na mama hataki mtu akikalie.

Wenzetu wakitimiza mwaka wa mtu wao huweka picha gazetini na maneno manne laini chini yake. Picha yako ndiyo hii, ile ya tai iliyokaa upande, maana tai hukuwahi kuiweza. Maneno laini tunayo, na tutayasema. Ila safari hii kalamu amepewa dada yako, na unamjua. Alikaa masijala ya mahakama miaka thelathini na mmoja akipokea mafaili ya mawakili. Aliwaona wakija na mikoba mizito ambayo ndani yake mlikuwa na gazeti la jana na mwavuli. Mtu aliyewaona watu hao kwa karibu kiasi hicho hawezi kuandika kwa upole mwanzo hadi mwisho. Wewe utamsamehe. Wao wasipomsamehe, hana shida nao.

Tunakumbuka ulivyokuwa hupiti mlango unaokwaruza sakafu bila kuuliza bisibisi iko wapi. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, ulimsalimia kwanza, kisha ukapiga magoti kuangalia kama miguu ya kitanda iko sawa. Mfukoni ulikuwa na futi kamba siku zote, hata harusini, na ndiyo maana nusu ya ukoo walikuita Futi. Binti yako alipokuwa mdogo alidhani baba wote huwapima watoto wao ukutani kila mwisho wa mwezi na kuandika tarehe kwa penseli. Alipoenda kulala kwa rafiki yake na kuukuta ukuta mweupe, alirudi akiwa anamhurumia yule mtoto.

Ulianza na uhandisi, tukajitapa mtaa mzima. Ulijenga miaka tisa, ukarudi kila jioni na vumbi kwenye nyusi. Halafu siku moja ukafika kazini ukakuta nguzo mbili zimefutwa kwenye mchoro wako, na mkandarasi, mtu ambaye hakujua tofauti ya nondo na fimbo ya kufukuzia mbwa, akakuambia usimuulize yeye, wakaulizwe watu wa benki. Ulikataa kuendelea. Ukavua kofia ya plastiki, ukaenda kusomea mambo ya fedha, ukaajiriwa na hao hao wa benki, kazi yako ikiwa kupitia miradi ya majengo na kusema upi ufadhiliwe. Ulikaa miaka sita. Ulikuta watu wenye suti nzuri wanaotoa kibali cha jengo la ghorofa saba bila kujua ngazi zake ziko upande gani. Kila ulipowauliza kwa nini jambo fulani liko vile, walikwambia si wao, ni mkataba, na mkataba uliandikwa na mawakili.

Basi ukiwa na miaka thelathini na tisa, mbele ya chakula cha mchana, ukatangaza kwamba unakwenda kusoma sheria. Mama aliuliza kama umegombana na mtu. Dada yako hakuuliza kitu, alikueleza wazi kwamba kule hakuna kitu, kwamba yeye ameshawaona vya kutosha. Ukamjibu kwa ile sauti yako ya chini.

"Dada, kila chumba ninachoingia naambiwa uamuzi unafanyika chumba cha pili. Nataka nikae kwenye chumba chenyewe."

Maskini, uliamini kwamba chumba hicho kipo.

Ulisoma na vijana waliokuita Mzee, ukafaulu, ukaapishwa, ukachukuliwa na ofisi ya mawakili ambayo hatuitaji, kwa kuwa kuitaja ni kuipa heshima ya kutajwa. Mkuu wake tulimpachika jina la Bwana Kwa Mujibu. Hakuweza kuomba hata chumvi bila kusema kwa mujibu wa nini. Palikuwa na chumba cha mikutano chenye meza ya kioo na viti kumi, na kwenye kona ndoo iliyopokea maji ya kiyoyozi. Ndoo ile ilikaa pale miaka minne. Kila asubuhi mfagizi aliimwaga, na kila mwezi walifanya kikao kuhusu kuandikia barua kampuni ya viyoyozi. Wiki yako ya kwanza ulipanda juu ya kiti, ukanyoosha bomba lililopinda, maji yakakata. Mtu mwenye akili angekushukuru. Wao walicheka, wakaanza kukuita Injinia, kwa namna ile mtu anavyomwita mwenzake fundi akitaka kumshusha. Walikucheka pia kwa buti ulizoziweka nyuma ya gari. Wakili, walisema, haendi saiti.

Kisha ikaja kesi ya ukuta. Tunaieleza hapa kwa sababu imesimuliwa na watu wengi wasiokuwepo.

Mteja wa ofisi alikuwa na ghala juu ya mwinuko. Uwanja wake wa nyuma ulijazwa kifusi, na kifusi kilizuiwa na ukuta mrefu. Chini ya ukuta, umbali wa hatua tatu, palikuwa na chumba cha ushonaji ambamo wanawake kumi na mmoja walishona mashuka ya hospitali. Ukuta ulianza kuinama upande wao. Mwenye jengo lao akaenda mahakamani, na mawakili wakabishana miaka minne kuhusu ukuta ni wa nani. Dada yako aliliona faili hilo masijala kabla hajastaafu. Lilikuwa nene kuliko mto wa kulalia, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeandika kwamba amekwenda kuuangalia ukuta.

Wewe ulikabidhiwa faili ili uandike hoja kwamba ukuta ni wa jirani. Ukavaa buti ukaenda. Ukakuta ufa unaopita mkono. Ukabandika vipande vitano vya kioo juu ya ufa kwa plasta, kama mlivyofundishwa mkiwa vijana: ukuta ukitulia, kioo kinabaki, na ukisogea hata kidogo kinapasuka. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ulirudi ukakuta vitatu vimepasuka.

Ukauangalia ukuta vizuri zaidi, ukaona jambo lililokushangaza. Ukuta wa namna ile huachiwa vitundu chini ili maji ya udongo yatoke. Vitundu vilikuwepo, ila vyote vilikuwa vimezibwa kwa saruji, na saruji yenyewe haikuwa ya zamani. Ulirudi ofisini ukalipekua faili hadi chini kabisa. Huko ukakuta barua ya Bwana Kwa Mujibu kwa mteja wake. Alimshauri azibe vitundu haraka, kwa sababu maji yanayotoka ni ushahidi kwamba udongo unaosukuma ukuta ni wa kwake.

Tunaomba wasomaji waisome sentensi hiyo mara mbili. Mwanasheria wa miaka ishirini na minane kazini, mwenye vyeti ukuta mzima, aliyaona maji yanatoka ukutani akaona ushahidi tu. Hakuona maji. Kila mvua iliyonyesha baada ya barua ile ilibaki nyuma ya ukuta ikiusukuma. Fundi mwashi ambaye hajamaliza darasa la nne asingefanya kosa hilo. Kulifanya kunahitaji usomi mrefu.

Ulikwenda kumweleza. Ulisimama mbele ya meza yake, hukupandisha sauti, ukamwambia vitundu vizibuliwe, mizigo iliyorundikwa juu ya kifusi iondolewe, na wale wanawake waambiwe watoke. Akakujibu kwamba kuzibua ni kukiri. Akasema barua ile ni siri ya mteja, na hali ya ukuta nayo ni siri ya mteja, na wakili anayetoa siri ya mteja anafutwa. Halafu akakupa ushauri kwa hisani yake.

"Wewe sasa ni wakili, Injinia. Kwa mujibu wa taaluma yetu, ukuta waachie wenye ukuta."

Tangu siku hiyo tunamdharau mtu huyu. Tulijaribu kumchukia tukashindwa, chuki inataka mtu mwenye kimo.

Ulirudi nyumbani mchana huo, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, ukakaa jikoni na buti miguuni. Mkeo, mwalimu wa hesabu, alikuwa anasahihisha madaftari. Ulimweleza yote. Ulimwambia ukisema unapoteza kazi uliyoihangaikia ukiwa mtu mzima, na binti alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Ulimwambia huenda ukuta ukakaa mwezi, huenda mwaka. Yeye hakuinua macho.

"Kioo kimepasuka au hakijapasuka?"

"Kimepasuka."

"Sasa unaniuliza nini?"

Ukanywa maji, ukaondoka.

Kule kwenye chumba cha ushonaji hawakukupokea kwa maua. Mkuu wao, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, wanayemwita Mama Pindo, alikufahamu mara moja: si ndiye wakili wa yule wa ghala? Wakili wa adui yao amekuja kuwaambia wafungashe watoke. Walikutazama kama mwizi aliyekuja kukagua kufuli. Mama Pindo alikuambia wazi kwamba ujanja huo ni wa kizamani, wakitoka leo kesho watakuta mlango una mnyororo. Hukumlaumu. Ukaomba ngazi, ukapanda nje kwenye ukuta, ukashusha timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni. Kwa juu kamba iligusa ukuta, na kwa chini ilikuwa mbali nao kiasi cha kiganja kizima na vidole vyake. Ukamwomba aje apime mwenyewe. Alikuja, akapima kwa kiganja chake, kisha akageuka akawaambia wenzake waanze na vyerehani vizito.

Mlibeba mpaka saa tisa alasiri. Ulibeba ukiwa na tai, na tai ikanaswa kwenye gurudumu la cherehani, wakaikata kwa mkasi. Mlivipeleka vyote kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Mvua ilianza Jumapili. Jumatano, saa nne asubuhi, ukuta ulilala juu ya chumba kile, ukafukia viti kumi na kimoja.

Hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyekwaruzwa. Hilo ndilo lililokuponza.

Kamati ya nidhamu ya mawakili ilikuita. Dada yako alikuja akakaa nyuma, akawatazama watu watano wazima wakijadili kwa saa nzima iwapo timazi ni waraka. Mwenyekiti alikuuliza kama unaweza kuleta shahidi yeyote aliyeumia. Ukasema huwezi. Akaandika. Akauliza kama kuna ushahidi kwamba mtu yeyote angeumia. Ukasema viti viko chini ya mawe, wanaweza kwenda kuviona. Hakuna aliyetaka kwenda, ilikuwa karibu saa ya chakula. Uamuzi wao ulisema kwamba madhara hayakuthibitishwa, ila utoaji wa siri umethibitishwa. Kuhusu vitundu, walisema hilo ni suala la kiufundi lililo nje ya uwezo wa kamati, na hapo tu tulikubaliana nao. Jina lako likafutwa kwenye orodha. Wakakuachia mlango mmoja: usaini karatasi ya majuto, uahidi kutorudia, watakufikiria. Uliisoma, ukaikunja vizuri, ukaiacha juu ya meza yao.

Miaka minane iliyofuata hukuwa wakili, hukuwa wa benki, na kampuni za ujenzi zilikuona mtu wa maneno mengi. Ulikuwa baba wa nyumba na mkaguzi wa kuta za majirani. Watu walikuja na mikataba yao sebuleni, ukawasomea mstari kwa mstari, ukianza kwa kuwaambia kwamba wewe si wakili. Tulikuona ukipungua, lakini hatukusikia ukilalamika. Siku moja tu, ukiwa unanyolewa, ulimwambia mkeo kwamba sheria ulikuwa umeipenda. Ulisema hivyo mara moja, hukurudia, na yeye alituambia baada ya kukuzika.

Sasa usikie kilichotokea mwaka huu, maana ndicho kilichotufanya tuchukue nafasi ndefu gazetini.

Wiki tano zilizopita dereva alileta bahasha nene. Kesi ya ukuta siku hizi inafundishwa kwenye semina zao, na wewe unaitwa mwenzetu jasiri. Wamegundua kwamba unafaa, kwa kuwa sasa huwezi kuwajibu. Wako tayari, kwa fadhila zao, kulirudisha jina lako kwenye orodha, na ile ofisi itatundika picha yako koridoni, karibu na mashine ya fotokopi. Wanachohitaji ni mkeo asaini kwa niaba yako. Karatasi ni ileile ya miaka tisa iliyopita. Hawakujisumbua hata kuichapa upya, walibadilisha tarehe tu. Inaanza kwa kusema kwamba wewe una afya njema na akili timamu, na inamalizia kwa kuahidi kwamba hutarudia. Wasomi wazima wamekaa kikao, wakanywa chai, wakamtaka marehemu aahidi kwamba hatarudia.

Dada yako alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona binti yako hacheki.

Binti yako amemaliza sheria, Futi. Ndiyo, na yeye. Ataapishwa mwezi ujao. Usimlaumu kwa alilolitaka: alitaka siku atakayosaini kile kitabu cha mawakili arudishe kurasa nyuma alikute jina lako, bila mstari mwekundu juu yake. Alimwambia mama yake kwamba ni karatasi tu, kwamba baba hatadhurika tena, na kwamba kila atakapoingia mahakamani watamuuliza yeye ni wa nani. Mkeo alijiuliza hivi. Ukimtia moyo mtoto afuate njia ya baba yake, halafu ukamnyima jina la baba huyo, umefanya nini? Aliiweka bahasha chini ya bakuli la matunda, na ilikaa pale siku tisa. Siku ya kumi alitoa kalamu, akaiweka juu ya bahasha, akamwambia binti kwamba akirudi kutoka kupimwa joho watasaini pamoja. Binti akaichukua bahasha aende nayo, aisome vizuri njiani.

Joho lake lilishonwa na unaowajua. Walikataa lishonwe kwingine. Mama Pindo alikuwa anampima mabega alipoiona ile bahasha yenye nembo ikichungulia kwenye mkoba. Akauliza kama wale watu wameandika tena. Akasema macho yake siku hizi hayasomi herufi ndogo, basi asome yeye, kwa sauti, wote wasikie. Cherehani kimoja kikanyamaza, kisha kingine, mpaka vyote.

Binti yako alisoma kama wakili, amesimama wima, mkono mmoja ukiwa bado umenyooshwa. Alisoma jina lako. Alisoma afya njema na akili timamu, na wawili wakacheka chinichini. Akasoma: ninajutia kwa moyo wangu wote kitendo cha kuwapa tahadhari watu wa upande wa pili. Akanyanyua macho ili avute pumzi, akawakuta wote wanamtazama, miguu juu ya pedali, wanangoja aendelee.

Mdogo wao, yule ambaye mwaka ule alikuwa amejifunza kazi miezi miwili tu, akauliza, "Hao wa upande wa pili ni akina nani?"

"Ni nyinyi," binti yako akasema.

Akaishusha karatasi. Alitusimulia kwamba alijaribu kuendelea na sentensi inayofuata akashindwa, kwa kuwa ilisema kwamba utakapopata nafasi kama ile utanyamaza. Mama Pindo akaurudisha utepe begani kwake, akamwambia, "Nyoosha mkono mwanangu, nimalizie."

Alirudi nyumbani akampa mama yake bahasha na kalamu, akasema jina la baba yake ameshalikuta. Mkeo alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Bahasha tulimpa dada yako airudishe, kwa kuwa anajua nyaraka mbovu hurudishwaje. Aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu, kama alivyoandika kwenye maelfu ya mafaili yao: Imerejeshwa, ina kasoro, mhusika hajuti.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anauliza nani amekaa kwenye kiti. Unakumbukwa na mkeo. Na binti yako, wakili kuanzia mwezi ujao. Na mdogo wake, anayekunja uso kama wewe akiona mlango umepinda. Na shemeji zako. Na dada yako aliyeandika haya na hana la kufuta. Na wengine wameomba wawekwe humuhumu, kwenye mstari wa ndugu, nasi tumeona hapo ndipo mahali pao: watu wa upande wa pili, wote kumi na mmoja, wazima.

Hatutaacha kukukumbuka.